Nimerithi Winchester 94: nianzie wapi kujaza risasi mwenyewe?

Swali: Fundi, shikamoo. Mimi ni mwenyeji wa Moshi, naishi Pennsylvania mwaka wa tisa sasa na nimeoa huku. Baba mkwe alifariki mwaka jana akaniachia bunduki yake ya kuwindia kulungu, Winchester 94 ya wenzo. Gereji kwake nimekuta pia mashine ya kujazia risasi imefungwa mezani, ndoo ya maganda aliyokuwa akiyaokota, na makopo matatu ya baruti, moja limebanduka karatasi. Risasi za dukani zimekuwa ghali. Rafiki wa shemeji amenitumia kwenye simu kipimo chake cha baruti, anasema nikikifuata sitakosea. Sijawahi kujaza hata risasi moja. Nianzie wapi? Nataka kuwinda nazo msimu huu wa Novemba. Na nikirudi nyumbani siku moja, nitaweza kuendelea?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa msiba wa mzee. Kabla sijagusa habari za mashine, naomba ufanye mambo mawili leo hii. Kifute kipimo ulichotumiwa kwenye simu. Kisha lichukue lile kopo lisilo na karatasi, litoe gereji, na baruti yake uitawanye nje, kidogo kidogo, juu ya majani ya uwanja, mbali na moto. Ina naitrojeni, itaoza ardhini kama mbolea. Usijaribu kuitambua kwa rangi wala kwa umbo la punje. Baruti mbili zinaweza kufanana machoni kama mchele wa magunia mawili, moja ikawaka kwa utaratibu na nyingine kwa kasi ya kupasua chuma.

Yale makopo mengine mawili yafungue na uyanuse. Baruti nzima ina harufu ya dawa, karibu na ya etha. Iliyoharibika hunuka kwa ukali wa asidi, na wakati mwingine hutoa vumbi la rangi ya kutu. Ukiona hivyo, nayo iende uwanjani. Na kama mzee aliacha risasi alizokwisha kuzijaza, usizipige. Ni heshima kuzihifadhi kama kumbukumbu, lakini wewe hukuwepo alipozijaza.

Nitakueleza kwa nini nimeanza kwa ukali. Wengi wetu tuliozaliwa Afrika Mashariki tumekua tukisikia habari za gobori. Babu alimimina baruti nyeusi mtutuni kwa kipimo cha pembe, akashindilia, akaweka fataki, akapiga. Alipima kwa jicho na kwa uzoefu wa mkono, na baruti nyeusi ilimvumilia kwa mengi. Picha hiyo bado tunayo vichwani: tunadhani baruti ni baruti, na ikizidi kidogo ni bega litakalouma. Baruti isiyo na moshi, iliyoingia kwenye bunduki za jeshi la Ufaransa mwaka 1886 na kuenea dunia nzima baada ya hapo, ni kitu kingine kabisa. Hupimwa kwa greni, na greni moja ni kama miligramu 65. Mizani ya kazi hii lazima ioneshe sehemu moja ya kumi ya greni, ambayo ni kama theluthi ya punje ya mchele.

Risasi yako yenyewe imezaliwa pamoja na baruti hiyo. Winchester 94 ilibuniwa na John Browning, na mwaka 1895 ikatolewa na risasi ya .30-30, miongoni mwa risasi za kwanza za uwindaji Marekani kutengenezwa kwa ajili ya baruti isiyo na moshi. Namba ya kwanza ni upana wa mtutu, sehemu 30 za mia za inchi. Ya pili ilikuwa uzito wa baruti ya wakati ule, greni 30. Nimeshaona watu wakiisoma hiyo 30 ya pili kama maelekezo ya kujazia. Baruti ile ya 1895 haipo tena sokoni. Jina limebaki kuwa jina tu.

Sasa karatasi. Sheria ya shirikisho la Marekani inamruhusu mtu kujaza risasi za matumizi yake mwenyewe bila leseni. Ukianza kuziuza, hata kwa jirani, hapo umekuwa mtengenezaji na unahitaji leseni ya shirikisho. Jambo ambalo Waswahili wenzangu wengi huku hawalijui ni hili: kwa sheria hiyo hiyo, ganda, fataki, baruti na kichwa cha risasi, kila kimoja kinahesabiwa kuwa risasi. Na mtu aliyeingia nchini kwa viza ya muda, ya masomo au ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi, isipokuwa awe na moja ya ruhusa chache zilizowekwa, kama leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu hana kizuizi hicho. Hukuniambia uko upande gani, na mimi sikuulizi. Lakini kama una shaka hata chembe, bunduki, baruti na ndoo ile ya maganda vikae kwa shemeji mpaka uwe umezungumza na wakili wa uhamiaji, kwa sababu kosa la aina hii linaweza kukunyima makazi.

Kama karatasi zako ziko sawa, chukua bunduki, hakikisha haina kitu ndani, kisha usome maandishi ya kwenye mtutu. Usimwamini mtu kwa mdomo, hata kama ni shemeji. Model 94 ilitengenezwa kwa risasi kadhaa, na mojawapo, .32 Winchester Special, inafanana sana na .30-30 kwa umbo la ganda, ila kichwa chake ni kinene zaidi: inchi .321 badala ya .308. Ukikuta .30-30 au .30 W.C.F., hayo ni majina mawili ya kitu kimoja. Halafu mpelekee fundi bunduki aikague jinsi komeo linavyofunga. Bunduki iliyowindiwa miaka mingi inaweza kuwa imelegea, na risasi za kujaza mwenyewe hazifai kujaribiwa kwenye chuma usichojua hali yake.

Baada ya hapo, kaa nayo chini uitazame. Chini ya mtutu kuna bomba refu, humo ndimo risasi zinamokaa zikiwa zimepangana kwa mstari, pua ya moja ikigusa kitako cha iliyo mbele yake. Mwenye bunduki ya komeo la mkono, ambayo risasi zake hukaa moja juu ya nyingine, ana uhuru mwingi kwenye uchaguzi wa vichwa na namna ya kujaza. Wewe huna. Bomba hilo ndilo bwana wako. Karibu kila kitu kinachokutofautisha na wajazaji wengine kinatoka humo, na anayeanza akilielewa bomba ameelewa nusu ya kazi.

Anza na pua. Katikati ya kitako cha risasi kuna fataki, kile kikombe kidogo kinachopigwa na pini. Ukiweka kichwa chenye ncha kali ndani ya bomba, ncha hiyo inalala juu ya fataki ya risasi iliyo mbele. Bunduki ikipiga teke, risasi zote bombani zinasukumana, na ile ncha inageuka kuwa pini. Risasi inaweza kulipuka ndani ya bomba, huku mkono wako wa kushoto ukiwa umelishika bomba lenyewe. Ndiyo maana vichwa vya .30-30 ni bapa au mviringo mpana puani, na uzito wa kawaida ni greni 150 na 170. Nunua vile vilivyoandikwa wazi kuwa ni vya .30-30. Usinunue kitu kwa sababu tu upana wake ni .308, maana vichwa vingi vya upana huo ni vya ncha. Kampuni ya Hornady inatengeneza kichwa chenye ncha ya plastiki laini inayobonyea, maalumu kwa bunduki za bomba, na ni kizuri, lakini kwa baadhi ya risasi kama .45-70 na .44 Magnum kinahitaji ganda likatwe fupi kuliko kawaida. Kwa mwanafunzi, pua bapa inatosha, na kulungu wa Pennsylvania wameangushwa nayo kwa zaidi ya miaka mia.

Utasikia wawindaji wakisema unaweza kutumia ncha kali ukiweka risasi moja kwenye chemba, pale inapopigiwa, na moja tu bombani. Kwa hesabu ni kweli, kwa kuwa hakuna fataki mbele ya ncha. Sikushauri. Siku ya baridi, vidole vimekufa ganzi, kulungu wa pili akitokea, utaongeza ya tatu bila kufikiri.

Bomba hilo hilo linatawala kina cha fataki. Fataki lazima ikae chini kidogo ya uso wa kitako. Pitisha ncha ya kidole juu ya kila moja. Ukihisi inajitokeza, hiyo risasi haingii bombani. Tumia fataki kubwa za bunduki, na usizichanganye na fataki kubwa za bastola. Upana ni ule ule, lakini ya bunduki ni ndefu zaidi. Hili litakuja kukuhusu kama siku moja utanunua bunduki ya wenzo ya .44 Magnum au .45 Colt: hizo zinatumia fataki za bastola, na ukiweka ya bunduki itajitokeza kitakoni kama chunusi, ikisubiri pua ya nyuma yake.

Na linatawala mshiko wa kichwa. Ndani ya bomba kuna springi inayosukuma risasi zote kuelekea nyuma, na kila teke linazigonganisha. Kichwa kisichoshikwa vizuri kitasukumwa ndani ya ganda. Nafasi ya baruti ikipungua, shinikizo linapanda kuliko ulivyokusudia. Kwa hiyo mdomo wa ganda hukunjwa kidogo uume kwenye mfuo uliochongwa kuzunguka kichwa. Kichwa kisicho na mfuo, kiache kwa wenye bunduki nyingine.

Kukunja huko ndiko kunakowatoa wanafunzi machozi. Shingo ya ganda la .30-30 ni ndefu na shaba yake ni nyembamba. Ukikunja kwa nguvu, au ukijaribu kuketisha kichwa na kukunja mdomo kwa mshindo mmoja wa mashine, shaba inakosa pa kwenda na inavimba pale shingo inapokutana na bega. Uvimbe wenyewe huuoni kwa macho. Utaujua bondeni: wenzo unarudi vizuri mpaka umebaki upana wa kidole, kisha unagoma. Mimi nilijaza risasi 40 za namna hiyo mwanzoni mwangu, na nikazivunja zote moja moja kwa nyundo ya kutolea vichwa, jioni mbili nzima. Tangu siku ile naketisha vichwa vyote kwanza, halafu narekebisha kalibu, ile silinda ya chuma mashineni inayolipa ganda umbo lake, na kupita mara ya pili kwa ajili ya kukunja tu. Inachukua muda zaidi, na sijawahi kujuta.

Kukunja sawasawa kunategemea maganda yawe na urefu mmoja. Ganda refu linakunjwa sana, fupi haliguswi. Mwisho wa urefu wa ganda la .30-30 ni inchi 2.039, sawa na milimita 51.8, na wengi huyakata mpaka 2.029 ili yawe na pa kukulia, kwa maana ganda hurefuka kila linapopigwa na kunyooshwa, yaani kurudishwa umbo lake kwa kalibu. Risasi nzima, kutoka kitako hadi pua, isizidi inchi 2.550. Ikizidi, kinyanyuo cha ndani hakiipitishi. Kalipa ya kupimia si ghali, na utaishika kila siku ya kazi.

Turudi kwenye ndoo ya mzee. Maganda ndiyo mali hasa uliyorithi, kwa kuwa ndiyo sehemu ya bei kubwa ya risasi na hutumika tena na tena. Lakini hujui kila moja limepigwa mara ngapi. Yamwage kwenye shuka jeupe penye mwanga, ukatae lolote lenye ufa mdomoni, lililobonyea, lenye kutu ya kijani iliyokula shaba. Kisha chukua waya mwembamba, upinde ncha yake kidogo kama ndoana, uuingize ndani ya ganda na uukwaruze ukutani kwa ndani, karibu na kitako. Ukihisi ncha inatumbukia kwenye mfereji, ganda hilo linakonda na liko karibu kukatika. Kwa nje mara nyingine unaona pete inayong'aa, kama sentimita moja juu ya ukingo. Likikatikia chembani, nusu inabaki ndani ya bunduki na gesi ya moto inatafuta njia ya kutokea, nayo njia hiyo iko upande wa uso wako.

Ugonjwa huu unaikumba .30-30 zaidi kwa sababu ya maumbile yake. Ganda linashikiliwa chembani na ukingo wa kitako, si bega, kwa hiyo mbele ya bega mara nyingi kuna nafasi. Tena komeo la 94 hufungwa kwa nyuma, na chuma kinanyumbuka kidogo kila unapopiga. Shaba inajazia nafasi hiyo kwa kuvutika. Nawe ukija na kalibu ukarudisha bega nyuma kupita kiasi, umeipa nafasi ya kuvutika tena mara ijayo. Rekebisha kalibu ili irudishe bega kiasi tu cha kulifanya ganda liingie chembani bila kusukumwa. Wengine watakwambia unyooshe shingo peke yake usiguse mwili wa ganda. Kwa bunduki ya komeo la mkono sawa, maana mkono ule una nguvu ya kulazimisha. Wenzo hauna nguvu hiyo. Ganda lako linyooshwe mwili mzima, kwa kipimo.

Usisahau kulipaka mafuta maalumu ganda kabla ya kulisukuma kwenye kalibu. Yasipotosha, shaba inang'ang'ania chuma na huitoi ila kwa kuichimba na kuigongomelea bolti. Yakizidi kwenye bega, yanabonyeza shimo dogo, ambalo halina madhara makubwa lakini ni dalili kwamba mkono wako bado mzito. Futa mafuta yote kabla ya kuweka fataki.

Mashine ya mzee, kama ni ile ya kufanya kazi moja kwa kila mvuto wa mkono, ndiyo hasa inayokufaa. Ioshe kutu, ipake mafuta, uishukuru. Zipo za kisasa zinazofanya kazi tano kwa mpigo na kutoa mamia kwa saa. Mtu asiyejua bado kosa linaonekanaje hatakiwi kutoa mamia ya kitu chochote.

Baruti naiweka mwisho kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo inayotamaniwa mwanzoni. Nunua kitabu cha vipimo kilichochapishwa na watengenezaji wa vichwa au wa baruti, toleo la sasa. Humo kila kipimo kimejaribiwa maabara, kwa kichwa fulani, fataki fulani, ganda fulani. Unaanzia chini, pale kitabu kinapoandika kipimo cha kuanzia, na kama hakikuandika, unapunguza sehemu moja ya kumi kutoka cha juu kabisa. Hapa mimi sitakupa namba hata moja ya baruti, na mtu yeyote anayekupa kwenye simu mkatalie kwa heshima. Yule rafiki wa shemeji si mwongo. Kipimo chake ni cha bunduki yake, kopo lake na kichwa chake, na inatosha kidole kiteleze kwenye tarakimu moja wakati wa kuandika ujumbe.

Mezani liwepo kopo moja tu la baruti. Ukimaliza, baruti iliyobaki kwenye kipimio irudi kwenye kopo lake siku hiyo hiyo, usiiache ilale huko ukasahau ni ipi. Panga maganda kwenye ubao wa matundu, yajaze, kisha kabla ya kuketisha kichwa hata kimoja, shika tochi umulike ndani ya yote kwa mstari. Baruti inatakiwa ilingane urefu kila tundu. Baruti nyingi za .30-30 zinajaza ganda kiasi kwamba ukiweka mara mbili itamwagika, na hiyo ni baraka kwa mwanafunzi, kwa hiyo chagua kitabuni baruti ya namna hiyo. Zile nyepesi za kasi, zinazochukua robo ya ganda, ziache kwa sasa. Humo kipimo maradufu kinaingia na kujificha.

Na usidhani bunduki itakuonya. Utasoma kwamba fataki ikibapa, shinikizo limepita kiasi. Hiyo ni hadithi ya risasi kama ile iitwayo .308 Winchester, ambayo imewekewa mpaka wa ratili 62,000 kwa inchi ya mraba. Mpaka wa .30-30 ni 42,000. Fataki yako inaweza kuonekana nzima, nzuri, ilhali umeshapita mpaka wa chuma chako. Anayejaza .30-30 kwa kusubiri dalili anasubiri zilizochelewa. Wala hakuna sababu ya kupandisha: kichwa cha greni 150 cha kiwandani hutoka kwa kasi ya mita 730 hivi kwa sekunde, na kwa masafa ya msituni huko Pennsylvania, mita 100 au pungufu, huhitaji zaidi.

Kabla ya kujaza risasi ya kweli, tengeneza nne za bandia: ganda lililonyooshwa, bila fataki, bila baruti, kichwa kimeketishwa na kukunjwa. Toboa tundu ubavuni mwa kila moja ili asiyejua asizichanganye. Ziweke bombani, zipitishe kwa wenzo mara kumi, kumi na tano, kisha pima urefu wake tena. Ikiwa vichwa vimezama, mkunjo ni hafifu. Ikiwa wenzo umegoma, mkunjo umezidi au ganda halijanyooka. Saa moja ya zoezi hili itakufundisha kuliko barua yangu yote. Bandia zangu za kwanza ninazo mpaka leo, na kila nikibadilisha kichwa nazitengeneza nyingine.

Halafu jaza tano tu. Nenda uwanja wa shabaha, miwani machoni, masikio yamezibwa, na uingize moja moja. Sikiliza kila mlio. Ukisikia sauti ya kufa, kama kizibo badala ya mlipuko, simama. Hapa bunduki ya wenzo ina hatari yake peke yake: bunduki inayojipakia yenyewe kwa kawaida ingegoma, lakini yako unaivuta kwa mkono na itaingiza risasi inayofuata bila kunung'unika, huku kichwa cha kwanza kimekwama mtutuni. Cha pili kikikifuata, mtutu unaweza kupasuka. Toa kila kitu, pitisha ufito mtutuni, uone mwanga mpaka mwisho ndipo uendelee. Na kama umefyatua na hakuna kilichotokea, iache ielekee shabaha, uhesabu polepole mpaka sitini kabla ya kufungua.

Huenda una watoto, kwa kuwa umesema umeoa. Fataki ina madini ya risasi ndani yake, na masizi na vumbi la maganda yaliyopigwa yamejaa madini hayo hayo. Usile mezani hapo, usioshee maganda kwenye sinki la jikoni, nawa kwa sabuni kabla ya kumgusa mtoto, na kama huna uhakika na vumbi, osha maganda kwa maji badala ya kuyasaga makavu. Baruti ibaki kwenye kopo lake la kiwandani, mahali pakavu na baridi, penye kufuli. Usiitie kwenye chupa ya kioo wala kisanduku cha chuma kinachobana, kwa sababu kopo la kiwandani limetengenezwa lifumuke haraka moto ukitokea, ilhali chuma kizito kinaifungia mpaka igeuke bomu. Kanuni ya moto inayofuatwa sehemu nyingi za Marekani inaweka mpaka wa ratili 20 za baruti nyumbani na fataki 10,000. Kopo la ratili moja na fataki mia chache zinakutosha mwaka mzima.

Kuhusu fedha, nitakuwa mkweli. Kama ungenunua kila kitu leo, na unapiga masanduku mawili ya risasi 20 kwa mwaka, usingerudisha gharama kwa miaka mingi. Wewe umerithi mashine na maganda, kwa hiyo hesabu yako ni nyepesi: mizani, kalipa, kalibu kama zake zimechakaa, kitabu, fataki, baruti na vichwa. Hata hivyo wengi tunaojaza hatupungukiwi matumizi. Tunapiga zaidi kwa fedha ile ile, na kupiga zaidi ndiko kunakomfanya mtu alenge vizuri.

Nyumbani ni habari nyingine. Tanzania ina sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, Kenya ina yake, sura ya 114 ya sheria za nchi hiyo, na kote kuwili kutengeneza risasi bila leseni ni kosa kubwa. Usifungashe hata ganda tupu kwenye sanduku la safari. Ukirudi Moshi, mashine mwachie shemeji.

Na msimu huu, ndugu yangu, ikifika ile Jumamosi ya baada ya sikukuu ya Shukrani, nenda msituni na sanduku la dukani. Risasi zako za kwanza ni za karatasi ya shabaha. Mnyama anastahili risasi ambayo mwenye kuipiga hana shaka nayo, na wewe mpaka Novemba utakuwa bado unajifunza kukunja mdomo wa ganda. Andika daftari: tarehe, ganda limepigwa mara ya ngapi, kichwa, fataki, baruti na namba ya kopo lake, jinsi wenzo ulivyorudi. Kila sanduku ulijazalo ulibandike karatasi yenye maneno hayo hayo, kwa mwandiko ambao mkeo anaweza kuusoma.